NYUMBA YA WATOTO, NJIA YA MARSI NAMBA 58



Wenzetu wa seksyo ya pedagogi wanajua jina la Maria Montessori. Wanalijua juu waliliandika katika daftari, na siku ya interro wakalirudisha kwa mwalimu. Lakini uwaulize: shule yake ya kwanza ilikuwa wapi? Ilikuwa katika nyumba ya namna gani? Nani aliyeijenga, na nani aliyelipa? Hapo wananyamaza. Siye wa kamati ya gazeti tulinyamaza vilevile. Basi tukatafuta, tukasoma, tukaulizana, na leo tunataka kuwaeleza tulichopata.

Tunawaambia tangu mwanzo kama habari hii haiko mbali na sisi. Shule hiyo haikuzaliwa juu mtu fulani alipenda sana watoto. Ilizaliwa juu watoto walikuwa wanaharibu nyumba, na mwenye nyumba alichoka kutengeneza.

1. MTAA WENYEWE

Mji wa Roma ulifanywa mji mkuu wa Italia mwaka wa 1871. Kutoka hapo watu wakaanza kuingia mjini kwa wingi. Wakubwa wa kazi, waandishi, askari, mafundi, wote walihitaji mahali pa kulala. Wenye mali wakaona faida, wakakopa franga nyingi katika mabenki, wakajenga mbio mbio. Katika miaka ya 1880 ilikuwa kama homa: kila mtu anajenga, kila mtu anauza.

Mtaa mmoja uliojengwa katika homa hiyo ni San Lorenzo. Uko nje ya ukuta wa kale wa mji, upande wa mlango unaoitwa Porta Tiburtina. Upande mmoja kuna njia za gari la moshi, upande mwingine kuna makaburi makubwa ya Verano. Njia zake wameziita kwa majina ya makabila ya zamani sana ya Italia: Marsi, Volsci, Sabelli, na mengine. Wenye mali hawakuupenda mtaa huo. Nani anapenda kulala kati ya kelele za gari la moshi na makaburi?

Kisha, mwisho wa miaka ya 1880, homa ikashuka kwa ghafula. Mabenki hayakukopesha tena, wajenzi wakaanguka, kazi ikasimama. Zikabaki nyumba ndefu za orofa nyingi, hazina milango, hazina madirisha, hazina maji. Kumbe nyumba tupu haikai tupu. Maskini wasiokuwa na mahali wakaingia. Baadaye mambo yakatengenezwa kidogo, lakini kwa namna mbaya: mtu anapanga nyumba ya vyumba vitano au sita, kisha anaipangisha kwa wengine chumba kwa chumba, na mwenye chumba anapangisha tena pembe ya chumba. Jamaa nzima inalala pembeni, jamaa nyingine pembe ya pili, na katikati hakuna hata pazia. Ninyi mnaotoka katika miji yetu mikubwa, hatuna haja ya kuwaeleza zaidi. Mnajua.

2. KAMPUNI INATENGENEZA, WATOTO WANAHARIBU

Katika miaka ya kwanza ya 1900, kampuni moja ya nyumba, jina lake Istituto Romano dei Beni Stabili, ilinunua nyumba nyingi za San Lorenzo. Mkubwa wake alikuwa fundi wa majenzi, Bwana Edoardo Talamo. Alikuwa na mpango mzuri. Alibomoa sehemu zilizoziba hewa, akapanua viwanja vya ndani ili jua liingie, akakata nyumba kubwa kuwa nyumba ndogo ndogo za chumba kimoja, viwili au vitatu, akaweka maji, akapaka rangi. Kisha akachagua wapangaji: watu wa ndoa, watu wa kazi.

Lakini jambo moja hakulipima vizuri. Watu wa kazi ni watu wanaoondoka asubuhi. Baba anaenda, mama anaenda, wakubwa kidogo wanaenda shuleni. Nani anabaki? Wanabaki wale wadogo, wa miaka mitatu mpaka sita, ambao shule bado haiwapokei. Hao walibaki peke yao siku nzima katika ngazi na viwanja. Basi wakafanya kazi ambayo mtoto asiye na kazi anaifanya: kukwaruza ukuta mpya, kuchora kwa makaa, kuchafua ngazi, kuvunja kinachovunjika.

Bwana Talamo akapiga hesabu. Kila mwaka kampuni ilitoa franga kwa kutengeneza yaliyoharibika. Akasema: afadhali franga hizo tuzitoe mbele, si nyuma. Tuchukue chumba kimoja chini ya nyumba, tukusanye watoto wote humo, tuwawekee mtu wa kuwaangalia. Watoto watachungwa, na bibambazi vyetu vitapona.

Mnaona? Mwanzo wa shule hii, iliyofika dunia nzima, ni hesabu ya rangi na chokaa. Hatusemi hivi ili kumdharau Bwana Talamo. Wengine katika nafasi yake wangeweka sentinele mwenye fimbo. Yeye aliweka chumba.

3. MUNGANGA ANAITWA

Mwisho wa mwaka wa 1906 Talamo akamwita Maria Montessori. Mama huyu alizaliwa Chiaravalle tarehe 31 mwezi wa 8, 1870. Alimaliza masomo ya uganga katika iniversite ya Roma mwaka wa 1896, wakati wanawake waganga katika Italia walikuwa wachache sana. Kazi yake ilimpeleka kwa watoto ambao watu waliwaita wapumbavu, waliofungiwa pamoja na wagonjwa wa akili. Alisoma maandiko ya waganga wawili Wafaransa, Itard na Séguin, waliotafuta njia ya kuwafundisha watoto wa namna hiyo kwa kutumia mikono na macho. Mwaka wa 1900 akawa mmoja wa viongozi wa shule ya kutayarisha walimu wa watoto hao katika Roma. Baadhi ya wanafunzi wake wakajua kusoma na kuandika, wakafanya mitihani pamoja na watoto wazima, wakapita.

Watu walishangaa na kumsifu. Yeye akashangaa upande mwingine. Akajiuliza: kama hawa wagonjwa wamefika sawa na wale wazima, basi wale wazima wamezuiliwa na nini? Alikuwa na hamu ya kujaribu njia yake kwa watoto wazima. Ndiyo maana alipoitwa kwa chumba cha chini katika mtaa wa maskini hakukataa, ingawa wenzake walishangaa kama munganga na mwalimu wa iniversite anakwenda kushughulika na watoto wadogo wa San Lorenzo.

4. SIKU YA KUFUNGUA

Shule ilifunguliwa tarehe 6 mwezi wa 1, 1907, siku ya Epifania, katika njia ya Marsi, namba 58. Mwandishi mmoja wa magazeti, Mama Olga Lodi, ndiye aliyetoa jina: Casa dei Bambini, maana yake Nyumba ya Watoto. Angalieni neno hilo. Hakusema shule. Alisema nyumba.

Watoto walikuwa karibu 50. Walivikwa nguo za namna moja, za kitambaa kigumu. Walikuwa na woga, wengine wanalia, hawajui kutazama mtu usoni. Chumba kilikuwa kitupu karibu chote. Hapakuwa viti na meza vya shule, juu kampuni ilitoa vyombo kama vya biro, si vya kilasi. Pembeni kulikuwa kabati limefungwa kwa funguo, ndani yake vyombo ambavyo Montessori alivitengeneza zamani kwa wale watoto wagonjwa. Mwenye kuwaangalia hakuwa mwalimu wa diploma. Alikuwa mwanamke wa kawaida, naye alilala katika nyumba ile ile pamoja na jamaa za watoto.

Kulikuwa na sheria zilizobandikwa ukutani. Mzazi halipi kitu. Lakini anapaswa kumleta mtoto akiwa safi, mwili na nguo. Anapaswa kumheshimu mwenye kuongoza, na kuja kuzungumza naye hata mara moja kwa juma. Mtoto asiyeoshwa, au mtoto ambaye wazazi wake wanabomoa nyumbani kile shule inachojenga, anaweza kufukuzwa.

Hapa siye tulibishana sana katika kamati. Wawili wetu walisema: sheria hii ni ngumu, maji yenyewe yanatoka wapi? Mtoto ana kosa gani kama mama yake ana taabu? Wengine walijibu: maji yalikuwa yamewekwa katika nyumba, na shule ilikuwa mali ya wazazi wote, hivi kila mzazi aliweka fungu lake kwa njia ya usafi. Hatukupatana. Tunawaachia ninyi mpime.

5. MAMBO MATATU ALIYOYAONA

Montessori hakukaa pale kila siku. Alikuja, akaangalia, akaandika. Katika mambo aliyoyaona tunachagua matatu.

La kwanza ni la msichana mdogo wa miaka karibu mitatu. Alikuwa na ubao mnene wenye matundu kumi, na vipande kumi vya mti vya mviringo, kila kimoja na tundu lake. Kazi ni kuvitoa, kuvichanganya, na kuvirudisha. Ukiweka kipande kidogo katika tundu kubwa, kinaingia, hakuna anayekukemea. Lakini mwishoni unabaki na kipande kikubwa mkononi na tundu dogo mbele yako. Kosa linajionyesha lenyewe. Msichana yule alitoa na kurudisha, akatoa na kurudisha. Montessori akawaambia wengine waimbe, akambeba pamoja na kiti chake na kumweka juu ya meza. Mtoto akashika vipande vyake magotini, akaendelea. Alifanya hivyo zaidi ya mara 40. Kisha akaacha mwenyewe, akatazama pande zote kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri. Na watu wanasema mtoto hawezi kutulia!

La pili ni la kabati. Siku moja mwenye kuongoza alichelewa, tena siku iliyotangulia alisahau kufunga kabati. Alipofika akakuta watoto wamekwisha kulifungua, kila mmoja amechagua kazi yake, wanafanya. Akaona kama ni wizi, akataka kuwaadhibu. Montessori akaona namna nyingine: watoto hawa wanajua vyombo vizuri mpaka wanaweza kuchagua. Kutoka hapo akatafuta makabati madogo, mafupi, yasiyofungwa, ambayo mkono wa mtoto unafika. Mtoto anatwaa mwenyewe, na akimaliza anarudisha mwenyewe mahali pake, ili mwenzake akute.

La tatu ni la kuandika. Mwanzoni Montessori hakutaka kufundisha kusoma. Wazazi ndio waliomsihi, juu wengi wao hawakujua hata kuandika jina lao. Basi akakata herufi katika karatasi ya msasa, akazibandika juu ya karatasi ngumu. Mtoto anapitisha vidole juu ya herufi kama anaiandika, na wakati ule ule anasema sauti yake. Mkono unajifunza, jicho linajifunza, sikio linajifunza. Siku moja, jua zuri, walikuwa juu ya nyumba, pale palipo sawa. Montessori akampa mtoto mmoja wa miaka mitano chaki, akamwambia achore bomba la moshi lililokuwa mbele yao. Mtoto akachora chini. Kisha, bila kuambiwa, akaandika neno lake. Akaruka, akapiga kelele: naandika, naandika! Wenzake wakamzunguka, wakaomba chaki na wao. Kuandika kukaingia katika nyumba ile kama moto katika majani makavu. Walipata kuandika kwanza, kusoma kukafuata nyuma.

6. NA BIBAMBAZI?

Sasa turudi kwa hesabu ya Bwana Talamo. Bibambazi vilipona? Ndiyo. Watoto walipanda mimea katika kiwanja cha ndani, wakaimwagilia maji. Wageni wakaanza kuja kutazama.

Lakini sababu ndiyo tunayotaka muishike. Montessori hakufunga vitu kwa misumari ili watoto wasivivunje. Alifanya kinyume. Zamani meza za shule zilikuwa nzito, zimefungwa chini, mtoto hawezi kuzisukuma. Yeye aliweka viti na meza nyepesi, ambazo mtoto wa miaka minne anaweza kubeba. Ukipita vibaya kiti kinaanguka, kinapiga kelele, na wote wanageuka kukutazama. Tena aliwapa watoto vyombo vinavyovunjika kweli: gilasi, sahani. Alisema kitu kisichovunjika kinaficha kosa la mtoto. Kitu kinachovunjika kinamfundisha mkono wake.

Mtu mkubwa akisikia hivi anaogopa. Lakini watoto waliokwaruza ngazi za watu walianza kubeba sahani za supu bila kumwaga. Juu ya nini? Juu sahani zilikuwa zao, na nyumba ilikuwa yao. Hilo ndilo jina lililokuwa juu ya mlango.

7. YALIYOFUATA

Tarehe 7 mwezi wa 4, 1907, Nyumba ya Watoto ya pili ilifunguliwa katika mtaa ule ule. Mwaka wa 1908 ikafunguliwa nyingine katika Milano. Mwaka wa 1909 Montessori alitoa kitabu juu ya njia yake, na mwaka wa 1912 kikatoka katika Kiingereza katika Marekani. Watu wakaja kutoka nchi nyingi. Sifa ilikuwa nyingi, lakini amani haikuwa nyingi. Baada ya miaka michache yeye na Talamo hawakupatana tena, na Montessori akaacha uongozi wa nyumba za San Lorenzo. Aliyeanzisha akatoka, nyumba ikabaki.

Kisha ikaja serikali ya Mussolini. Mwanzoni ilimpokea vizuri, juu ilipenda sifa yake. Lakini serikali iliyotaka watoto watembee kwa mstari na kupiga saluti haikuweza kukaa muda mrefu na mwalimu aliyewafundisha kuchagua. Mwaka wa 1934 Montessori aliondoka Italia, na kufika mwaka wa 1936 shule zake huko zilikuwa zimefungwa. Katika Ujerumani ya Hitler ikawa vilevile.

Vita ikaja. Mwaka wa 1939 Montessori alikwenda Uhindi kufundisha walimu, vita ikamzuia huko miaka mingi. Tarehe 19 mwezi wa 7, 1943, ndege za Marekani zilipiga bombe katika Roma mara ya kwanza. Zilitafuta njia za gari la moshi, na San Lorenzo iko kandokando yake. Katika siku moja watu zaidi ya elfu moja walikufa, na nyumba nyingi zikaanguka. Mahali ambapo wenye mali walikataa kukaa juu ya kelele za gari la moshi, maskini walikufa juu ya gari la moshi lile lile.

Nyumba ya namba 58 ingali imesimama. Montessori alikufa katika Uholanzi tarehe 6 mwezi wa 5, 1952. Kutoka mwaka wa 1990 mpaka Italia ilipoacha franga zake na kuingia katika euro, uso wake ulikuwa juu ya karatasi ya lire 1000. Na katika njia ya Marsi, chini ya nyumba ndefu ya zamani, watoto wadogo wangali wanaingia asubuhi mpaka leo.

8. NA SIYE?

Wapenzi, tungeweza kuishia hapo. Lakini mwalimu wetu mmoja alituambia kama habari isiyorudi nyumbani ni mgeni tu.

Shuleni kwetu kuna kabati la vitabu. Mnalijua. Liko mwisho wa koloko ya kilasi za juu, na lina kufuli. Limefungwa tangu mwaka uliopita. Mara nyingi tunanung'unika: "Wakubwa wanatunyima vitabu." Tuseme ukweli wote. Lilifungwa juu vitabu vilipotea, na havikuchukuliwa na pepo. Vilichukuliwa na siye. Vingine vilirudi bila kurasa za picha. Ni sawa kabisa na ngazi za San Lorenzo: tuliharibu juu tulisema, "Si yangu, ni ya shule."

Wakubwa wetu walifanya hesabu ya Bwana Talamo kabla ya mwaka wa 1907: kufunga. Hatuwalaumu. Lakini tumesoma kama kufunga hakumfundishi mtu kurudisha. Kurudisha kunafundishwa na kabati lililo wazi, na mwenzako anayengoja kitabu kile kile.

Kwa hiyo kamati imemwandikia Bwana Prefe barua ya heshima. Hatukuomba kabati lote. Tumeomba lifunguliwe kwa vitabu 20 tu, kwa miezi miwili. Kila kilasi ichague mtu mmoja wa kuandika nani ametwaa na nani amerudisha. Kitabu kikipotea, kilasi nzima inakitafuta au inakilipa. Baada ya miezi miwili wakubwa wahesabu mbele yetu wote. Kama ni 20, waongeze. Kama si 20, wafunge, na siye tutaandika hesabu hiyo katika gazeti hili, bila kuficha.

Jibu bado halijafika. Likifika mtalisoma hapa. Lakini kuna jambo ambalo halingoji jibu. Yeyote aliye na kitabu cha shule chini ya kitanda katika enterna, au nyumbani kwao, akirudishe kabla ya mwisho wa juma hili. Aweke juu ya meza ya kamati wakati wa rekreasyo, hata bila jina. Hatutauliza swali. Bwana Prefe akisoma barua yetu, ni vizuri akute vitabu hivyo vimetangulia.

Ni siye wenzenu,
Kamati ya gazeti